Sufuria ya Heshima

Kule Kakuyuni chakula cha watu wengi hakitoki jikoni mpaka Kahonzi aonje. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu, na Kahonzi mwenyewe hawezi kuandika zaidi ya jina lake, nalo huliandika polepole kama anayechonga mlango. Lakini ilikuwapo. Iwe matanga, iwe harusi, iwe mchungaji amekuja kuombea kisima, Kahonzi angeinuka, akaze leso kiunoni, atie chumvi kwa mkono. Si kwa kijiko. Kijiko ni cha dawa. Kisha angekinga tone la mchuzi kiganjani, alambe, atazame juu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na aseme: "Pakueni." Asiposema, hapapakuliwi, wageni na watafune mikeka.

Cheo hicho hakupewa na mtu. Mama mkwe wake alipofariki, jikoni mlikuwa na wanawake waliomzidi umri, wakawa wanasukumiana kopo la chumvi, shika wewe, ah hapana, shika wewe dada yangu, kwa ile adabu ya kwetu inayoweza kuacha nyama ikaungua. Kahonzi akalichukua kopo akasema, "Mkimaliza kuheshimiana mtanikuta hapa." Tangu siku hiyo hajaliweka chini.

Na kusema kweli mkono wake ulikuwa mkono. Alikuwa mwanamke wa kufanya kazi. Ujanani alisafisha vyumba katika nyumba moja ya wageni kule Malindi, akitandika vitanda vya watu waliolala mchana na kuamka usiku, na kwa vitanda hivyo akalea watoto, akamzika mume, akasomesha. Kitinda mimba wake, Janet, alisoma mpaka akapotelea huko kwenye vyuo vikuu, halafu, badala ya kwenda Nairobi kama watoto wa wenzake, akarudi nyumbani. Akajifungia katika chumba cha uani kinachotazama mikorosho, yeye na kompyuta yake na sahani ya mtandao juu ya bati, akawa analipwa na watu wasiojulikana kwa kazi isiyoonekana.

Watu waliuliza, maana kuuliza hakuna ushuru.

"Kahonzi, huyu binti yako anafanya kazi gani hasa?"

"Kazi ya kuulizwa na wasio na kazi."

Jibu zuri, na lilitosha kwa majirani. Shida ilianza Caroline alipochumbiwa.

Caroline ni mjukuu wake, binti wa mwanawe Ngowa na mkewe Nyokabi. Ngowa alimtoa Nyokabi bara, huko kwenye baridi na viazi, na Kahonzi alimpokea kama mtu anavyopokea mvua ya Januari: hakuiomba, lakini imenyesha. Sasa wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Rabai kujitambulisha. Watu wa Rabai, kama ujuavyo, walionana na shule mapema kuliko wengine na hawajaisahau neema hiyo hata siku moja. Wangeuliza. Wangesema, mama, na shangazi yake bibi harusi yeye anajishughulisha na nini? Na Kahonzi asingeweza kuwajibu wakwe kama anavyomjibu wifi yake Damaris.

Kwa hiyo siku ya Alhamisi asubuhi, umeme ulipokatika na Janet akatoka nje kujinyoosha mgongo, alimkuta mamake barazani na ungo wa kunde.

"Kaa umenye," Kahonzi akasema. "Na unieleze kazi yako. Usinieleze kwa Kizungu, na usinieleze kwa haraka."

Janet akakaa. Alimpenda mamake, na alijua kwamba mtu akishaketishwa na ungo wa kunde mbele yake hainuki mpaka kunde ziishe.

"Mayo, unaikumbuka ile nyumba ya wageni uliyokuwa ukisafisha?"

"Nitaisahauje? Magoti yangu yako kule mpaka leo."

"Basi kompyuta ndani ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo imegawanywa vipande vipande, vyote vya ukubwa mmoja. Sisi tunaviita kurasa, wewe viite vyumba. Kila kazi inayofanyika mle ndani ni mgeni: inapewa chumba, inaweka vitu vyake, ikimaliza inaondoka. Na kuna msimamizi anayegawa vyumba. Wageni hawamwoni, lakini hakuna aingiaye wala atokaye bila yeye. Huyo tunamwita kiini."

"Mimi nilikuwa na Bwana Ngala. Naye alikuwa haonekani."

"Sasa, vyumba ni vingi mno, na vingine huharibika. Mgeni anaweka moja, akirudi anakuta sifuri. Hakuna aliyeigusa. Ukuta tu umechoka."

"Paa linavuja."

"Paa linavuja. Mimi kazi yangu ni kumfundisha kiini afanye nini paa likivuja."

Kahonzi akatupa ganda la kunde. Alikuwa ametegemea kitu kikubwa zaidi, pengine ndege. "Si atengeneze paa?"

"Halitengenezeki. Ni chuma, kiko ndani kabisa. Na huwezi kufunga nyumba nzima kwa sababu ya chumba kimoja. Kwa hiyo anafanya hivi." Hapo Janet akaanza kuchangamka, macho yakamwaka, mikono ikaanza kupanga vyumba hewani, na hiyo ndiyo iliyomponza. "Kosa moja, kuna mlinzi analirekebisha kimyakimya na kulitia akilini. La pili, hivyo hivyo. Yakizidi, kiini hangoji maafa. Anatafuta chumba kizima, anahamisha vitu vyote vya mgeni, anampa ufunguo mpya. Mgeni hata hajui kama amehamishwa! Anaamka anavaa viatu vyake. Halafu kile chumba kibovu kinatiwa alama, kinatolewa kwenye ugavi, na hapewi mtu tena."

"Na asipowahi?"

"Akichelewa, kosa likawa halirekebishiki, na mgeni amekwisha kupewa uongo na chumba, basi mara nyingi yule mgeni anauawa."

"Mgeni?"

"Ndiyo. Ili asiusambaze uongo kwa wengine."

"Chumba kikosee, mgeni auawe." Kahonzi akatikisa kichwa. "Na kwa haya mnalipwa."

Janet akacheka. Kahonzi hakucheka. Kuna jambo lilikuwa limemwasha, dogo kama siafu ndani ya leso.

"Hicho chumba kibovu," akasema, "kinabomolewa?"

"Hapana. Kinabaki pale pale kilipo, katikati ya wenzake."

"Na mlango wake?"

"Mlango upo, namba ipo. Ila hapelekwi mtu."

"Na chenyewe kinaambiwa?"

"Kwa nini kiambiwe? Ufundi wote uko hapo, Mayo. Jambo lifanyike na asijue mtu."

Kahonzi akamenya kunde moja, akamenya na nyingine. Alikuwa anaiona sufuria.

Ilikuwa sufuria ndogo, mpya, yenye mfuniko wa buluu. Ilitokea jikoni katika harusi ya mwaka uliopita. Damaris, wifi yake, mwenye sauti ya asali, aliiweka mbele yake kwa mikono miwili na kusema: "Mama Kahonzi, hii ni yako. Ya heshima. Wewe utie chumvi hii hapa, ya wazee, uionje kwa nafasi yako, na sisi tutafuatisha ladha yako kwenye hayo masufuria makubwa. Mtu wa umri wako haifai kuinamia moshi." Wakamwekea na kiti chenye mto. Naye, mjinga, alikipenda kile kiti! Tangu hapo, shughuli kwa shughuli, alitia chumvi, akaonja, akatazama juu, akasema pakueni, na watu wakapakua. Hakuwahi kuuliza hao wazee wa sufuria ya buluu ni wazee gani.

"Janet."

"Naam, Mayo."

"Ile sufuria yangu ya heshima aliinunua nani?"

Kidole cha Janet kikasimama ndani ya ganda.

"Mimi. Pale Malindi sokoni."

"Na wazo la kuinunua lilikuwa la Damaris?"

Janet akainamia ungo. Ni mtoto mzuri, hajui kusema uongo akiwa ameketi.

"Wanaokula humo ni nani?"

"Mayo, sikiliza..."

"Nimesikiliza vya kutosha. Umenieleza vizuri sana, hata Bwana Ngala angeelewa. Wanaokula humo ni nani?"

"Kuku," Janet akasema kwa sauti ndogo. "Kuku wa Damaris."

Ungo ukatulia. Ng'ambo ya ua, kama walioitwa, kuku wawili wa Damaris walikuwa wakiparura chini ya mkorosho, wanene, wenye afya, wenye kiu isiyokuwa ya kawaida.

Ikabidi yote yasemwe. Kwamba kwenye matanga ya mzee Pola, Kahonzi alitia chumvi, akaenda kuamkia wageni, akarudi akatia tena. Watu walikula, wakanywa mapipa ya maji, wakasema joto la leo ni kali. Kwamba ikatokea tena kwenye ubatizo. Wakasema nazi za mwaka huu zina chumvichumvi. Ilipotokea mara nyingine wanawake walikutana kwa Damaris, wakalia kidogo, na hakukuwa na hata mmoja aliyethubutu kumwambia. Ndipo Janet, akiwa na kazi yake kichwani, akasema: asiambiwe. Ahamishwe.

"Ukanifanyia mimi," Kahonzi akasema, "kama unavyofanyia bati."

"Kwa heshima, Mayo."

"Nimeiona heshima. Ina mbawa na mdomo." Akainuka, akakung'uta makapi. Alipofika mlangoni akageuka, na sauti yake ilikuwa laini mno kwa mtu aliyekasirika. "Hebu niambie jambo moja la mwisho. Chumba kikishatiwa alama, hakirudi kazini kabisa?"

Na Janet, ambaye alikuwa tayari kueleza lolote ili mada iondoke kwenye kuku, akasema: "Mpaka mashine izimwe iwashwe upya. Alama hizo kiini huzishika kichwani tu. Akizimwa anasahau. Akiwashwa anahesabu vyumba vyote kuwa vizima na kuanza kugawa, na kile kibovu kikiwamo. Mpaka kikosee tena."

"Ahaa," akasema Kahonzi, akaingia ndani.

Jumamosi alfajiri akawasha moto. Hilo nalo ni sheria: moto wa kwanza wa shughuli huwashwa na mwanamke mkubwa wa mji, mwingine akiuwasha mkosi unawafuata maharusi mpaka kwenye chumba chao. Akawasha meko yote, akapulizia, akakaa kwenye kiti chake cha mto, mpole kama maziwa. Damaris akamletea sufuria ya buluu. "Yako hiyo, Mama." "Ahsante, mwanangu," akasema Kahonzi, na Janet aliyekuwa akikuna nazi akajikuna kidole.

Mbuzi alikuwa amekatwakatwa, vitunguu vimemenywa, maji yameanza kuchemka. Simu ikasema wakwe wameshapita Kilifi. Kahonzi akainuka kwenye mto, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea mchele, akamimina kwenye jiko la kwanza. Akamimina kwenye la pili. Mvuke ukapanda, majivu yakaruka yakawakalia wanawake kwenye nywele, na jiko la tatu nalo likapiga chafya likazimika.

"Mama!" Damaris akapiga kelele. "Umeingiwa na nini?"

"Nimezima."

"Umezima! Wakwe wako njiani!"

"Waache waje. Moto wa shughuli unawashwa na nani?"

Wakatazamana. "Na wewe, Mama."

"Basi mimi siwashi," Kahonzi akasema, akakaa tena, akalaza mikono mapajani, "mpaka mtu aniambie chumvi ya sufuria kubwa inatiwa na nani. Nami nina muda. Mtu wa umri wangu haifai kuinamia moshi."

Wakaanza. Adabu ikamwagika kama tui. Damaris akasema, Mama wewe ndiye nguzo yetu. Mwingine akasema, sisi tulitaka tu upumzike. Wa tatu akasema kazi ya mzee ni kubariki. Kadiri walivyozidi kumsifu ndivyo maji yalivyozidi kupoa ndani ya masufuria, na Kahonzi akawasikiliza wote akitikisa kichwa kwa utulivu, kama anayehesabu matone ya paa.

Nyokabi alikuwa nyuma, na majivu mpaka kwenye nyusi. Binti ni wake, wakwe ni wake, mbuzi ni wake. Akaweka kisu chini.

"Mama, unatia mara mbili," akasema. "Unasahau kama umeshatia. Ndiyo hiyo tu."

Damaris akaziba uso kwa leso. Haya, watu wa bara! Wanasema neno lilivyo, kama wanaotupa mzigo wa kuni.

Kahonzi akamgeukia mkaza mwanawe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu matanga ya mzee Pola. Nilitaka kukuambia siku ile ile. Wakaniambia huku si heshima."

"Heshima hiyo wameila kuku." Akanyoosha mkono ainuliwe, na hakumnyooshea Damaris wala Janet. "Lete kibiriti."

Moto ukawaka upya. Mbuzi akaingia, vitunguu, bizari, nyanya. Wakati ulipofika Kahonzi akakaza leso, akasimama mbele ya sufuria kubwa, ile inayobebwa na watu wawili, akatia chumvi kwa mkono huku wanawake wote wakiutazama mkono huo kama wanaotazama nyoka akivuka njia. Akamaliza. Kisha akamwekea Nyokabi kopo kifuani.

"Shika. Nikirudi kuliomba, usinipe."

"Na ukinitukana?"

"Nikikutukana ndiyo usinipe zaidi."

"Kwa nini mimi, Mama? Si Damaris yupo?"

"Damaris ananiheshimu sana," akasema Kahonzi, akaenda kuvaa leso mpya.

Wakwe wakafika. Wakapokewa kwa vigelegele, wakaketishwa, wakapewa madafu. Mzee wao, mwenye miwani na koti katika joto lile, akauliza alichotarajiwa kuuliza: na shangazi yake bibi harusi?

"Anatunza vyumba," Kahonzi akasema.

"Hoteli?"

"Vya ndani ya kompyuta. Vikiharibika anawahamisha watu bila kuwaambia." Akamtupia jicho Janet aliyekuwa na birika la kunawisha. "Ana kipaji hicho. Hata nyumbani hukifanyia mazoezi."

Mzee wa Rabai akasema kumbe, akatikisa kichwa kwa heshima ya mtu asiyeelewa, na mazungumzo yakaendelea.

Yakaendelea sana. Habari za mvua, za ukoo, za nani alimwoa nani. Kahonzi alipoaga kwenda kutazama jikoni jua lilikuwa limeshageuka. Akaingia na leso yake mpya, akaisogelea sufuria kubwa, akafunua, akanusa, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama.

"Chumvi."

Miiko ikasimama ndani ya masufuria.

"Umeshatia, Mama," akasema Nyokabi.

"Nani? Mimi? Saa ngapi?" Akageuka. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeibiwa mchana. "Lete chumvi hapa. Usinifundishe jikoni mwangu, wewe mtu wa kuja na viazi."

Nyokabi akalipeleka kopo nyuma ya mgongo. "Sitoi."

"Mpe tu," Damaris akanong'ona, machozi yakimlenga. "Mama mwenyewe anaomba, mpe!"

"Sitoi. Onja kwanza."

Kahonzi alisimama. Mkono ulikuwa bado umenyooka. Kisha ukajikunja, ukageuka kiganja juu. Akakinga tone la mchuzi, akalamba, akatazama juu. Akakaa huko juu muda mrefu kuliko desturi. Wanawake wote wakatazama juu pamoja naye, na hapakuwa na kitu isipokuwa makuti.

"Pakueni," akasema.

Miiko ikaruka, sahani zikagongana, watu wakapata pumzi. Kahonzi akapita katikati yao akielekea kwenye wakwe, kichwa juu. Alipofika kwa Nyokabi akasimama kidogo, akampangusa majivu kwenye nyusi kwa ncha ya leso yake mpya, jambo ambalo hajawahi kumfanyia tangu aolewe.

"Nilikuwa nakupima," akasema.

"Najua, Mama."

Hajui, wala hatutajua. Lakini watu wa Rabai walikula wakaongeza, na hapakuwa na aliyeomba maji kuliko kawaida, hata yule mwenye koti.

Sufuria ya buluu ilitiwa maji ya kunawa mikono na kuwekwa mlangoni. Nyuma ya jikoni kuku wa Damaris walikusanyika saa yao ilipofika, wakangoja, wakainua shingo, wakangoja tena. Hakuna aliyewaambia.